Kiingereza unakijua ila kimegoma kupanda: kozi, kusoma, mdahalo, kituo cha uandishi au chatiboti?

Hii ni kwa wale ambao Kiingereza wanacho tayari. Lekcha unaifuata vizuri tu, makala unasoma unaelewa, ukiitwa kuongea unaongea na watu wanakuelewa, sasa shida ni kwamba uko palepale tangu umeingia chuo. Esei inarudi na neno moja pembeni, "language", limepigiwa mstari mara mbili, hamna maelezo mengine, halafu kwenye semina unajua kabisa unachotaka kusema ila ukimaliza kuipanga sentensi kichwani mada imeshahama, watu wako kwingine.

Ukiomba ushauri kila mtu ana lake. Soma sana. Ongea sana. Chukua kozi. Tumia chatiboti, siku hizi nani anahangaika. Na hakuna aliyedanganya hapo, ila semista ni ileile na masaa ni yaleyale, huwezi kubeba vyote, lazima uchague, na kuchagua kwenyewe kunasumbua kwa sababu kila njia inajenga kitu tofauti na anayekushauri anakutajia ile iliyomfaa yeye.

Kuna jambo moja nalitumia kupimia njia zote humu, bora nilitaje mapema. Unapoanza kujifunza lugha ukikosea watu hawakuelewi, kwa hiyo unajua papo hapo kuna tatizo. Ukishafika juu unakosea na bado wanakuelewa, basi wanapita tu. Nani atasimamisha semina akwambie umesema "he" wakati unamzungumzia dada yako? Hakuna, ataonekana hana adabu. Kosa linabaki, unalizoea, linakomaa. Mtaalamu wa lugha Larry Selinker aliliandikia jambo hili mwaka 1972, akalielezea kama lugha kugeuka kisukuku ndani ya mtu, yaani kuganda kama mfupa wa kale uliogeuka jiwe. Na mwaka 1983 mtafiti mwingine, Richard Schmidt, alichapisha habari za msanii mmoja Mjapani aliyehamia Hawaii, akampa jina la bandia, Wes. Jamaa mchangamfu, anaongea na kila mtu, mambo yake mengi anayamaliza kwa Kiingereza. Alimfuatilia miaka kama mitatu: kuwasiliana kulipanda sana, sarufi ikabaki karibu ilipokuwa. Yaani yule ambaye wote tungesema "huyu atanyooka tu, anaongea kila siku" hakunyooka.

Kwa hiyo kwa kila njia swali langu kubwa ni: hapo kosa lako utalionaje?

Vigezo, na kazi ndogo kabla hujachagua

Mambo matano: njia inajenga nini, kosa unalionaje, inakula muda gani, inakwama wapi, inamfaa nani. Gharama siigusi kwa sababu inategemea chuo na chuo, kwingine hizi huduma ziko ndani ya ada, kwingine unalipa pembeni.

Ila kabla ya hapo jipime. Tafuta kazi yako ya zamani iliyosahihishwa, halafu jirekodi dakika tatu ukieleza mada moja ya kozi yako bila kusoma popote, kisha usikilize ukiwa na kalamu mkononi. Kujisikiliza kunaudhi, najua, vumilia. Andika kila unachokiona. Sisi tunaotoka kwenye Kiswahili tuna ugonjwa wetu: "a" na "the" zinapotea au zinajaa mahali zisipotakiwa kwa sababu lugha yetu haina kitu kama hicho, "he" na "she" zinabadilishana kwa sababu sisi tuna yeye mmoja tu, halafu kuna ile ya kuanza "The government they have..." ambapo kiima kinatajwa mara mbili. Hayo ni madogo. Angalia pia makubwa: je, kila aya inaanza na "According to"? Je, ukiongea kuna ukimya mrefu kabla ya kila nomino? Je, "very", "many" na "things" zinafanya kazi ya maneno ishirini?

Utagundua kwamba huna tatizo la "Kiingereza", una tatizo la kitu fulani. Hata mitihani yenyewe inakubali hilo, IELTS kwa mfano, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, inatoa alama mpaka 9 kwa vipengele vinne kila kimoja peke yake, na kuna mtu ana 8 kwenye kusoma na 6 kwenye kuandika, huyo ukimwambia "ongeza Kiingereza" hujamsaidia chochote. Vilevile zile ngazi za kupimia lugha za Baraza la Ulaya za mwaka 2001, A1 ya anayeanza mpaka C2 ya juu kabisa, unaweza kuwa C1 kwa kusikiliza na B2 kwa kuandika, na hiyo ni kawaida kabisa.

Kozi ya Kiingereza cha kitaaluma

Inajenga nini. Muundo, zaidi ya kitu kingine. Kozi nzuri inakuonyesha kwamba maandishi ya kitaaluma yana njia zake zinazojulikana. Mfano maarufu ni ule wa John Swales wa mwaka 1990 kuhusu utangulizi wa makala: kwanza unaonyesha eneo hili lina uzito, pili unaonyesha pengo lililoachwa na waliotangulia, tatu unasema wewe unaziba vipi. Ukishaelekezwa mara moja huwezi tena kusoma utangulizi bila kuziona zile hatua tatu, na wa kwako ukiusoma unaona hatua ya pili haipo, umeruka kutoka "mada hii ni muhimu" mpaka "nitafanya hivi" na msomaji anabaki anajiuliza kwa nini. Kitu kingine ni kupima nguvu ya madai, lini useme "shows", lini "suggests", lini "may", maana wengi tunaandika "this proves" kwa data ya dodoso moja.

Kosa unalionaje. Mwalimu yupo, ila inategemea darasa lina watu wangapi. Darasa dogo atakusomea aya yako na kuirudisha na maelezo, darasa la watu mia utapata alama na tiki. Uliza hilo kabla hujajiandikisha, nalo ni muhimu kuliko jina la kozi.

Muda. Masaa yamepangwa, kuna asaimenti, kuna tarehe ya mwisho. Kwa mtu ambaye akiachiwa mwenyewe hafanyi, hii ndiyo faida yenyewe.

Inakwama wapi. Kozi ni ya wote. Mtu wa sheria, mtu wa uhandisi na mtu wa fasihi mmekaa pamoja mnafundishwa esei moja ilhali ripoti ya maabara na uchambuzi wa kesi havifanani hata kidogo. Na ukiwa juu kidogo ya wenzako utakaa wiki kadhaa unasikia mambo unayoyajua.

Inamfaa nani. Mwaka wa kwanza, au anayehamia masta kutoka kwenye mfumo ambao hakuandika esei ndefu, au yule anayerudishiwa kazi kwa sababu ya mpangilio. Kama shida yako ni kuongea, kozi ya uandishi itakupita pembeni.

Kusoma kwa wingi

Inajenga nini. Msamiati na sikio la lugha, yaani kujua neno gani linakaa na lipi. Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba ili usome riwaya au gazeti ukielewa asilimia 98 ya maneno unahitaji kama familia 8,000 hadi 9,000 za maneno, familia ikimaanisha neno na ndugu zake wote kama "decide, decision, decisive". Hapo ndipo unaelewa kwa nini orodha peke yake haitoshi. Ile orodha maarufu ya Averil Coxhead ya mwaka 2000 ina familia 570 za maneno ya kitaaluma na inagusa takribani asilimia 10 ya maandishi ya vyuoni, ni nzuri sana kuanzia, wala usiidharau, ila mtu anaimeza kwa kadi za kukariri halafu anashangaa mbona anaandika "establish a conclusion". Neno amelikariri, majirani wa neno hawajui, na majirani utawakuta kwenye kusoma tu.

Kosa unalionaje. Hulioni, tuseme ukweli. Merrill Swain aliwaangalia wanafunzi wa Kanada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka mingi, na mwaka 1985 akaeleza alichokiona: kuelewa kwao kulikaribia wenye lugha, ila kuongea na kuandika bado kulikuwa na makosa kibao. Kuingiza lugha kichwani kwa kusikia na kusoma peke yake hakukutosha, lazima mtu asukumwe kutoa. Kuna namna ya kuziba hilo bila mwalimu. Chukua aya moja ya makala nzuri ya fani yako, isome mara mbili, andika pembeni vidokezo vitano tu vya maana, ifunge, kaa kidogo, halafu iandike upya kwa Kiingereza chako ukitumia vile vidokezo. Sasa weka zote mbili mbele yako. Wewe umeandika "there are many reasons which make people to leave", mwandishi wa makala ameandika "several factors drive migration". Umeandika "the number is increasing day by day", yeye "the figure has risen steadily". Tofauti yenyewe inakuonyesha ulipo, na hakuna mtu aliyekuaibisha.

Muda. Nusu saa kwa siku inatosha ila matokeo yanachelewa, usitegemee kuona kitu kabla ya miezi kadhaa. Kama tasnifu inakusanywa mwezi ujao, hii siyo dawa yako.

Inakwama wapi. Wengi tunasoma kwa kuchota, muhtasari na hitimisho basi, na hiyo haiongezi lugha. Pia ukisoma makala za fani tu utaandika vizuri na bado ushindwe kupiga stori ya dakika kumi wakati wa chai kwenye kongamano, kwa hiyo changanya na riwaya, magazeti, hata maoni ya wahariri.

Inamfaa nani. Mwenye miaka miwili mbele yake, anayependa kukaa peke yake, na yule ambaye kwenye jaribio letu la juu maneno yalimwishia.

Mdahalo na vikundi vya kuongea

Inajenga nini. Kasi. Kupanga hoja na sentensi kwa wakati mmoja huku mtu anakuangalia. Mfumo unaotumika sana vyuoni, ule wa bunge la Uingereza, una timu nne za watu wawiliwawili, mada mnapewa dakika 15 kabla, kila mtu anasimama dakika saba, na ukitoa ile dakika ya kwanza na ya mwisho wapinzani wanaruhusiwa kuomba kukukatiza na swali. Hebu fikiria hapo. Huna nafasi ya kutafsiri kichwani. Wiki za kwanza utasema upuuzi, baadaye utashangaa mdomo unatangulia na sentensi inakuja imekamilika. Na kusikiliza kunanoleka sana, maana huwezi kumjibu ambaye hukumsikia, jambo ambalo watu wakizungumzia mdahalo huwa hawalitaji.

Kosa unalionaje. Hapa ndipo Wes anaporudi. Majaji wanapima hoja, jinsi ulivyozijenga na ulivyowajibu wengine, hawakai kukuhesabia zile "a" na "the", na kusema kweli ni haki kwa sababu siyo mtihani wa lugha. Kwa hiyo unaweza kuwa msemaji hatari wa klabu na bado ukasema "I would like to discuss about" mpaka unahitimu, tena kwa kujiamini zaidi. Weka simu mezani, jirekodi, sikiliza siku inayofuata ukitafuta kosa la aina moja tu.

Muda. Jioni mbili kwa wiki na mashindano yanameza wikiendi nzima. Kuna watu klabu imewafanya wasahau kwamba wamekuja kusoma, siwataji.

Inakwama wapi. Wenye haya wanakaa nyuma mwezi mzima wanapiga makofi. Kama ni wewe, tafuta mwenzako au wawili mfanye ile mbinu ya 4/3/2: unaeleza mada ileile kwa dakika nne, kisha kwa msikilizaji mwingine dakika tatu, kisha kwa mwingine mbili. Yaleyale, muda unapungua, mara ya tatu maneno yanatoka yenyewe. Hapo huna jaji wala jukwaa. Pia mdahalo unakuza mtindo wa kushambulia, na mtindo huo ukiupeleka kwenye utetezi wa tasnifu mbele ya wahadhiri watatu unaweza kukugharimu.

Inamfaa nani. Anayeandika vizuri ila semina zinampita, na yeyote ambaye kazi anayoitaka ni ya kuongea.

Kituo cha uandishi, au mtu wa kukusomea kazi

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo njia watu wanayoielewa vibaya kuliko zote. Wanaenda kituoni na esei saa sita kabla ya kukusanya wanasema "nisaidie kurekebisha grama", wanaambiwa hapa haturekebishi, wanaondoka wamenuna.

Inajenga nini. Uandishi wako mwenyewe, kwa kuulizwa maswali. Chukua sentensi kama hii, za aina hii ziko nyingi: "Many researches have discussed about the causes of drought, but they did not focus on the farmers." Mtu wa grama ataona mawili, "researches" na "about", atayafuta, umemaliza. Msaidizi mzuri atakuuliza: hawakuzingatia wakulima kivipi? Idadi yao? Hasara zao? Unajibu, hapana, namna wanavyokabiliana na ukame. Anakwambia, basi hiyo haipo hapa, iandike. Na unatoka na "Although the causes of drought have been widely discussed, little attention has been paid to how farmers cope with it." Makosa mawili ya grama yamekufa yenyewe njiani, ila kilichokuwa kinakosekana hasa ni lile wazo, ulikuwa nalo kichwani, kwenye karatasi halikuwepo. Makosa mengi yanayopigiwa mstari kama "language" kumbe ni haya.

Kosa unalionaje. Kuliko njia zote, hapa unaliona vizuri, kwa sababu kuna binadamu ambaye ameshindwa kuelewa na anakwambia ameshindwa wapi. Kuhusu kusahihishwa grama yenyewe wataalamu wamebishana sana, John Truscott mwaka 1996 aliandika kwamba masahihisho ya sarufi kwenye maandishi hayasaidii na yaachwe kabisa, Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba amekimbilia hitimisho, na ubishi ukaendelea miaka. Maoni yangu mimi: masahihisho unayoyatazama na kuyaacha hayafanyi kitu, yale unayoyaandika kwenye daftari na kuyatafuta kwenye kazi inayofuata yanafanya. Daftari lenyewe liwe na safu tatu tu, nilivyoandika, inavyotakiwa, limetokea mara ngapi. Likishatokea mara ya tatu, hilo ndilo kosa la kulala nalo mbele.

Muda. Kikao kawaida ni chini ya saa moja, ila ujanja ni kwenda mapema na rasimu chafu, siyo usiku wa mwisho.

Inakwama wapi. Vyuo vingi havina kituo, au kipo na wasaidizi hawajui fani yako. Hapo utahitaji mbadala: mnaunda kikundi cha watu watatu, kila wiki mmoja analeta kurasa mbili, wengine wanasoma na kuweka alama ya kuuliza pale walipopotea tu, hawagusi grama. Inafanya kazi kuliko unavyofikiri, hata kama wote mna kiwango kimoja, kwa sababu kupotea hakuhitaji utaalamu. Supavaiza naye anaweza kusaidia ila mwelewe, ana kazi za watu wengi na anasoma kwa ajili ya utafiti, akikwambia "tafuta mtu aangalie lugha" hajakuchukia.

Inamfaa nani. Mwenye kazi ndefu mkononi sasa hivi. Ambaye hana rasimu hana cha kupeleka, asubiri.

Chatiboti na korpasi

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 watu wengi hawaulizi tena njia nyingine, na siwalaumu. Korpasi hazijulikani sana, ni mikusanyiko mikubwa ya maandishi halisi unayoweza kutafuta ndani yake. Ile ya Kiingereza cha Marekani iliyotengenezwa na Mark Davies, COCA, ina maneno zaidi ya bilioni moja na unaweza kuchagua sehemu ya maandishi ya kitaaluma peke yake, unajisajili bure.

Inajenga nini. Inategemea unavyotumia, na tofauti ni kubwa mno. Ukibandika esei yako na kusema "improve this" unapata esei safi na wewe unabaki ulivyo, tena aya zote zimepigwa pasi mpaka hazijulikani ni za nani. Lakini ukisema "weka alama kwenye sentensi zenye kosa, usirekebishe, niambie aina ya kosa tu", sasa umepata mtu wa mazoezi anayekesha. Unarekebisha mwenyewe, unarudisha, anaangalia. Unaweza pia kumwambia acheze mtahini anayepinga hoja yako, mkabishana kwa sauti, na kwa mwenye haya hii ni nafuu kubwa.

Kosa unalionaje. Chatiboti inaona mengi ila inasahihisha na visivyo kosa, na sababu inayokupa siyo lazima iwe ya kweli. Ndiyo maana naiweka pamoja na korpasi. Unabishana na rafiki kama ni "strong evidence" au "powerful evidence"? Andika nomino kwenye korpasi, iambie itafute vivumishi vinavyotangulia, "strong" itakuja juu kabisa na mistari halisi ya watu walioandika. Hapo hakuna anayekukisia, unaona matumizi. Kama kutafuta kwenye korpasi kunakuchosha, Chuo Kikuu cha Manchester wana Academic Phrasebank ya John Morley, ya bure mtandaoni, imepanga vifungu kwa kazi yake: vya kukosoa waliotangulia, vya kueleza jedwali, vya kukiri mipaka ya utafiti.

Muda. Dakika kumi popote ulipo. Ndiyo uzuri, ndiyo na mtego.

Inakwama wapi. Kwanza kanuni za chuo chako, kwingine kusafishiwa lugha kunaruhusiwa, kwingine lazima utaje, kwingine ni kosa la udanganyifu, soma kabla hujabandika. Pili inatunga marejeleo, inakupa makala yenye kichwa kizuri na mwandishi anayeaminika ambayo haijawahi kuandikwa. Tatu usibandike mahojiano ya watu uliowaahidi usiri. Na nne, ukizoea kusafishiwa kila barua pepe, siku ya kuandika mtihani ukumbini kwa kalamu itakuwa wewe na kichwa chako.

Inamfaa nani. Mwenye nidhamu ya kutojirahisishia, ambaye tayari anajua kosa lake ni lipi. Asiyejua aanze na binadamu.

Kwa hali yako

Una tasnifu ya kukusanya ndani ya miezi miwili: kituo cha uandishi au kikundi cha watu watatu, na Phrasebank pembeni. Kusoma riwaya kutasubiri.

Uko mwaka wa kwanza na hujawahi kuandika kitu cha kurasa kumi, chukua kozi kama darasa ni dogo, na anza kusoma nusu saa kwa siku sasa hivi kwa sababu matunda yake utayala mwaka wa tatu. Darasa likiwa kubwa sana, chukua silabasi yao, tafuta zile hatua za Swales mwenyewe kwenye makala tano za fani yako, umepata nusu ya kozi.

Unaandika vizuri ila semina zinakupita: mdahalo ukiwa na moyo, 4/3/2 ukiwa huna. Usiongeze kozi ya uandishi eti kwa sababu ndiyo iliyopo.

Unaongea kama maji na esei zinarudi nyekundu, wewe ndiye Wes, na kwa sasa klabu ya mdahalo haitakuongezea unachokosa. Daftari la makosa, kosa moja kwa wiki mbili, chatiboti iweke alama bila kurekebisha.

Maneno yanakuishia: soma, na ile kazi ya kuandika aya upya ifanye mara mbili kwa wiki. Coxhead kwanza kama hata yale 570 hayajakaa.

Unafanya IELTS au mtihani wa aina hiyo na umekwama kwenye kipengele kimoja, fanyia kazi hichohicho, matatu mengine yaache yalipo. Ikiwa ni kuandika, mtu wa kukusomea. Ikiwa ni kuongea, jirekodi na usikilize.

Na kama umejirekodi, umesikiliza na hujaona kosa hata moja, mpe mtu mwingine asikilize.